Uzi wa Uhai Hauuzwi Dukani

Sina subira na watu wanaojua. Wasiojua nimekaa nao miaka mingi darasani, nikiwafundisha Kiswahili na sayansi kimu, na sikumbuki hata mmoja aliyenikera kwa kutojua kwake. Wanaojua ndio wanaonipandisha presha. Na kabla hujaniuliza, nakujibu: ndiyo, na mimi nimo, tena nilikuwa mstari wa mbele.

Nimestaafu sasa. Naishi Mbeya, huku juu ambako mwezi wa sita ukisahau nguo kwenye kamba usiku, asubuhi unaikuta imekakamaa kama ngozi ya mbuzi. Mtu wa huku akistaafu atalima au ataimba kwaya. Kulima, mgongo ulikataa. Kwaya, sauti ilikataa, na mwalimu wa kwaya akaniambia hivyo mbele ya watu. Nikabaki na sindano mbili na donge la uzi. Kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana tunakutana wanawake kumi na wawili hivi, kwenye chumba cha nyuma cha duka moja la nyuzi na vifungo, duka la familia ya Kihindi iliyokuwepo mjini kabla sijazaliwa. Mama mwenye duka anatupa viti na chai ya tangawizi, sisi tunampa biashara na umbeya. Siku za katikati tunaendelea kwenye kundi la WhatsApp, na humo wamo wafumaji wa Iringa, Njombe, Makambako, mpaka Tunduma.

Kundi lile lina lugha yake. Mtu akituma picha ya mkono wa sweta akiomba ushauri, majibu yanayomjia huwezi kujua kama ni ushauri au ni namba za magari. "K2, P2 mpaka mwisho, halafu SSK." "Gauji yako imekaza." "Bloki kwanza ndio uone." Tumeyaokota kwenye video za Wazungu, tukayavaa kama beji za skauti. Anayeongoza ni nesi mmoja wa hapahapa Mbeya, hodari kwelikweli, anafuma huku anatazama taarifa ya habari na mikono haimkosei hata kitanzi kimoja. Kundi zima tunamwita Mtaalamu, naye anaitika. Wa pili wake nilikuwa mimi.

Mimi nilijiona afadhali kwa sababu nilikuwa mtetezi wa Kiswahili. Mtaalamu akileta neno la Kizungu, mimi nalitafutia la kwetu. Nilitunga mengi. Nikayapanga kwenye faili la kurasa kumi na nne, nikaliita kamusi yetu, nikalibandika juu kabisa ya kundi ili kila mgeni aanze nalo. Upande wa kushoto vifupisho vya Kiingereza, upande wa kulia maneno yangu. Sikuona kitu ambacho mtoto wa darasa la tatu angekiona: kwamba upande wa kushoto mgeni anakuta maneno asiyoyajua, na upande wa kulia anakuta maneno mengine asiyoyajua. Nilidhani nikishalitafsiri neno nimeshalieleza. Nililoringa nalo kuliko yote lilikuwa "uzi wa uhai." Hata Mtaalamu alilisifia.

Nitakuambia uzi wa uhai ni nini, lakini si sasa hivi. Kaa nalo kidogo bila kulijua, kama alivyokaa nalo yule niliyempa.

Mwaka jana, mvua zikielekea kwisha, aliingia kundini mwanamume. Hatukuwahi kuwa na mwanamume. Akaandika: "Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Mimi ni dereva wa lori, nyumbani ni Ilula. Naomba kujifunza kufuma. Nina sweta imeshaanzwa, imefika nusu. Nikikwama nitauliza, msinichoke."

Karibu zikamiminika, na maua, na utani. Mmoja akamuuliza breki za sindano zipo mguu gani. Mwingine akasema huyu atatufumia turubai. Alijibu utani wote kwa adabu, na mimi nikampenda hapohapo kwa sababu alisema "msinichoke." Wanafunzi wangu wote waliokuja kufaulu walikuwa na ka-neno kama hako.

Siku ya tatu akaniandikia mimi peke yangu, kwa kuwa aliona wenzangu wananiita Mwalimu. Mke wake alikuwa amefariki mwanzoni mwa mwaka, baada ya kuugua miezi kadhaa. Wana binti mmoja, yuko kidato cha pili kwenye shule ya bweni upande wa Tosamaganga. Mwaka wa kwanza wa shule binti aliteswa na baridi, na mama yake akamwahidi kwamba mwaka wa pili baridi itamkuta ana sweta la mama. Akalianza akiwa kitandani. Alijifunza kufuma kwa masista tangu msichana, kwa hiyo hata mikono ilipodhoofu ilikuwa inajua njia. Mume akirudi safari alikuwa anakaa kando ya kitanda, anamshikia donge la uzi, anamwangalia. Siku nyingine mke alimpa sindano afume mstari mmoja ili yeye apumzike, halafu anauchunguza na kumcheka. Huo ndio ujuzi aliokuwa nao alipofika kwetu, kwenda na kurudi basi.

Sweta lilikuwa limefika kimo cha shubiri mbili mama alipofariki. Binti kila akipata nafasi ya kupiga simu nyumbani, swali lake lilikuwa lilelile: "Baba, sweta ya mama imefika wapi?" Baba mtu akaniandikia hivi, na maneno yake bado yamo kwenye simu yangu: "Mwalimu, nataka pale alipofika pabaki kama alivyopaacha yeye. Mimi niongeze juu tu. Nikiharibu kwangu sio neno, ila kwake pasiguswe."

Na jibu langu nalo limo. "Pole sana, baba. Tutakusaidia. Uliza chochote, kuuliza si ujinga." Siku hizi nikilisoma nasikia joto masikioni.

Akaanza. Alikuwa anafuma Tunduma, malori yanapopanga foleni ya mpaka siku mbili, siku tatu, madereva wenzake wanacheza bao na karata chini ya matela. Walimbatiza jina, Bibi. "Bibi, nifumie soksi." Alitutumia picha, sindano zimelala juu ya usukani na sweta la buluu limejaa kwenye kiti. Uzi wa mke wake ulikuwa umekwisha, akanunua mwingine Makambako. Buluu, lakini si buluu ileile, wa kwake umekoza zaidi. Ukiitazama picha unaona wazi mpaka: chini mkono wa mke, mistari imekaa sawa kama imechorwa kwa rula, juu mkono wa mume, pengine pamekaza, pengine pamelegea. Nilimwambia ni pazuri. Kwa kweli palikuwa pazuri.

Halafu maswali yakaanza, na maswali ndiyo yaliyotuumbua.

Aliuliza akifika mwisho wa mstari anageuzaje ili ukingo usiwe na mafundo. Mtaalamu akamjibu: "Geuza, sl1, palo mpaka mwisho, unarudia." Akauliza, "Sl1 ndiyo nini, dada yangu?" Akajibiwa asome faili lililobandikwa juu. Faili langu. Akalisoma, maskini, akarudi: "Nimeona imeandikwa 'hamisha kitanzi bila kukifuma.' Nakihamishia wapi?" Swali zuri kabisa. Ukimshika mtu mkono jibu lake halizidi sekunde tatu: unakitoa kwenye sindano hii unakiweka kwenye ile, hukifanyi kitu. Hakuna aliyemwambia. Mtu mmoja wa Njombe akaandika "asiyejua maana haambiwi maana," na viuso vitatu vinavyotoa machozi kwa kucheka.

Niliudhika. Niliandika jibu refu la kumkanya yule wa Njombe, jibu la kiualimu hasa, halafu nikalifuta. Nilikuwa najiuliza watu watasema nini, Mwalimu anamtetea mwanamume wa lori, na Mtaalamu ambaye ni rafiki yangu atajisikiaje. Nikaweka kiuso kimoja cha kutabasamu, nikaendelea na mambo yangu. Ukiniuliza siku gani ningeirudisha kama ningepewa nafasi, si hiyo. Iliyofuata ni mbaya zaidi.

Mwishoni mwa mwezi wa tano akatuma picha nyingine. Sweta lilikuwa linapungua upana kwa juu, pande zote mbili zinaingia ndani kama gunia lililofungwa mdomo. Ilikuwa Jumamosi, tuko dukani, simu ikapita mkono kwa mkono. Mtaalamu alivaa miwani, akahesabu, akaandika: "Umepoteza vitanzi vinane njiani. Hapo hakuna dawa, fumua mpaka ulipoanzia, anza upya." Ushauri sahihi. Na mimi, Mwalimu, nikaongeza la kwangu, nikijua jinsi anavyoogopa kugusa sehemu ya mke wake: "Ila kabla hujafumua usisahau kuweka uzi wa uhai pale alipoishia mwenzako."

Baada ya dakika chache akauliza: "Uzi wa uhai unapatikana wapi, Mwalimu?"

Tulicheka. Sitaki kujitetea, mimi nilicheka kuliko wote, mpaka chai ikanimwagikia kwenye kitenge. Kundini mtu akamjibu, "Kanisani!" Mwingine, "Kwa Mtume na Nabii, chukua na mafuta." Viuso vya kucheka vikajaa mpaka swali lake likasukumwa juu halionekani. Dukani mama mwenye duka akauliza tunacheka nini, tukamweleza, na yeye mwenyewe, mwuza nyuzi wa maisha yake yote, akauliza, "Lakini ni nini huo?" Hatukumjibu naye. Tulimwambia, "Ah, mama, ni mambo yetu." Kisha ikaja sahani ya maandazi, mazungumzo yakahamia kwenye harusi ya mtu.

Sikumjibu yule dereva. Sikukataa, wala sikuwa na nia mbaya. Nilicheka, maandazi yakaja, nikasahau. Hilo ndilo ninaloshindwa kulimeza, kwa sababu mtu mwenye nia mbaya angalau angekumbuka alichofanya.

Yeye hakusahau. Aliyoyafanya nimeyajua baadaye. Safari iliyofuata alisimamisha lori Iringa, akaingia mjini kwa miguu, akapita duka kwa duka kuulizia uzi wa uhai. Mzee mmoja wa Kihindi, mwenye kofia ya Kiislamu na miwani ya kamba, alimtolea maboksi yote kaunta: uzi wa pamba, wa sufu, wa nailoni, wa kushonea viatu. Mwisho akamwambia, "Mwanangu, nyuzi nimeanza kuuza na marehemu baba yangu, huo sijapata kuuona. Labda Dar." Alipofika Dar akaenda Kariakoo. Kariakoo hakuna muuzaji anayekubali kwamba hajui kitu. Wakamwambia umeisha, arudi wiki ijayo. Wiki iliyofuata akarudi.

Mwezi wa sita ukaingia. Huku kwetu wote tukavuta makoti, na kule shuleni binti akapiga simu kuuliza sweta ya mama imefika wapi.

Siku hiyo lori lilikuwa limeegeshwa Ruaha Mbuyuni, mchana, jua linawaka kule bondeni kama vile baridi ni uongo wa watu wa milimani, wauza vitunguu wanagonga mlango. Aliona hawezi kusubiri uzi ambao hata Kariakoo haufiki. Alichomoa sindano, akaanza kufumua taratibu. Alikuwa na mpango wa kusimama palepale rangi inapobadilika, avirudishe vitanzi kwenye sindano, aanze upya. Anayejua kufuma anajua kilichotokea. Vitanzi vikishakuwa wazi bila kitu cha kuvishika, ukigusa kimoja kingine kinatoroka, na kikitoroka kinashuka chini mstari baada ya mstari kama ngazi. Alikidaka kimoja, vikatoroka vitatu. Akavuta uzi kidogo atafute mstari mzima wa kushikia, haukuwepo. Akavuta tena.

Picha iliyonifikia jioni ilikuwa ya rundo la uzi wa buluu kwenye kiti cha abiria, uzi uliojikunjakunja kama unavyokuwa ukitoka kufumuliwa, maana uzi hausahau upesi ulivyokaa. Chini yake aliandika: "Mwalimu, uzi ulipobadilika rangi nikajua nimeingia kwake. Nimejaribu kuzuia nimeshindwa. Nisamehe, ule uzi wa uhai sikuupata."

Eti nimsamehe.

Nilikuwa jikoni. Viazi viliungua mpaka jirani akaja kuuliza. Nilikaa kwenye kigoda nikamkasirikia kila mtu kwa zamu, yule wa Njombe, yule wa kanisani, watu wa video za Kizungu, Kariakoo. Kisha nikaenda kundini nikaandika yote, mke, binti, ahadi, rundo la uzi, nikawauliza tumefanya nini. Zikaja pole nyingi na mikono ya kusali. Mtaalamu akaandika, "Inasikitisha sana jamani. Lakini tulimwambia aweke."

Tulimwambia aweke. Nililitazama lile jibu nikaona hakuna mahali pa kulishika, kwa sababu ni kweli. Tulimwambia. Tungeitwa mbele ya hakimu tungeonyesha simu, saa na dakika, na maneno yangu mwenyewe, na tungeachiwa huru. Nilitaka kumjibu kwa ukali, vidole vikakataa. Mwandishi wa neno lile hakuwa yeye. Yeye alikuwa ameshindwa kumweleza mtu sl1. Mimi niliyeambiwa siri ya nyumba yake nilimpa neno zuri la Kiswahili badala ya msaada, halafu nikacheka aliponiuliza maana yake.

Nilimpigia simu. Akaitikia, "Shikamoo, Mwalimu," sauti imetulia, nikatamani anitukane. Nikamuuliza lini atakuwa nyumbani. Alisema Alhamisi atalala Ilula kwa mama mkwe wake, lori linapelekwa gereji. Nikamwambia nakuja. Akasema, "Mwalimu, ni mbali, usisumbuke." Nikamwambia nyamaza.

Mama mkwe wake anauza nyanya barabarani pale Ilula, ndoo ndogo zimepangwa juu ya meza, na basi likisimama anakimbia nazo dirishani pamoja na wenzake ingawa umri umeshasogea. Nilimkuta mezani kwake. "Kamwene, mama," nikamwamkia kwa Kihehe, hicho tu ndicho ninachokijua. "Kamwene," akaitika, akanitazama kuanzia viatu. "Wewe ndiye Mwalimu wa kwenye simu?" Nikasema ndiye mimi. Akaangalia nyanya zake. "Mwanangu alikuwa anafuma huku anaongea mambo ya watu. Sikusikia hata siku moja akitaja maneno kama yenu." Kisha akamwachia mwenzake meza, akanipeleka nyumbani, akanipa kiti, akanipa na uji. Chakula nilistahili, maneno yale nilistahili zaidi.

Dereva alikuwa mrefu kuliko nilivyomdhania kwenye picha, mikono mikubwa, kucha zimeingia grisi isiyotoka. Niliposema nataka kuliona sweta, alikwenda kunawa mara ya pili. Akalileta kwenye mfuko wa rambo, limefungwa ndani ya khanga. Katika zile shubiri mbili za mke wake vilikuwa vimebaki vidole vinne vya pindo la chini, basi. Juu yake vitanzi vilikuwa wazi, na ili visiendelee kushuka alikuwa amevibana kwa vibanio vya nguo. Nilivihesabu, vibanio sita, vya plastiki, rangi mbalimbali. Mtu huyu peke yake, kwenye lori, bila neno la mtu, alikuwa ametafuta kitu cha kushikilia vitanzi vya mkewe, na alikuwa amekipata. Alikuwa karibu kabisa. Alichokosa kilikuwa sentensi moja kutoka kwangu.

"Umemwambia binti?" nikamuuliza.

"Nimemwambia bado kidogo. Amevaa la dukani kwa sasa." Akakaza kibanio kimoja. "Anauliza kwa nini bado kidogo haiishi."

Nilijiapiza njia nzima kutoka Mbeya kwamba siku hiyo sitataja jina la kitu chochote. Nikavuta kiti nikakaa ubavuni kwake, si mbele yake, ili mikono yangu na yake ielekee upande mmoja. Nikamwambia, tazama hapa, usiguse kwanza. Nikamwomba mama mkwe wake anipe uzi, uzi wowote, hata mbovu, mradi usikatike ovyo. Akainuka akaenda kwenye kona yalipokuwa magunia matupu, akarudi na donge la uzi mweupe wa kushonea magunia, na shazia yake, ile sindano nene ya magunia, imechomekwa humohumo. Nikasema huo unafaa kabisa.

Nikatunga shazia. Nikaondoa kibanio cha kwanza, nikapitisha uzi wa magunia ndani ya kitanzi cha kwanza, cha pili, cha tatu. Nikaondoa kibanio cha pili. Nilikuwa napitisha polepole, naye ameinama mpaka nasikia anavyopumua. Katikati nikampa yeye. Alikwama kwenye kitanzi kimoja, kisha mkono ukazoea, kwa sababu mtu aliyeshona turubai kando ya barabara anajua kushika shazia kuliko mimi. Alipofika mwisho tukafunga fundo huku na fundo huku. Vibanio vyote sita vilikuwa mapajani mwangu, na hakuna kitanzi kilichosogea.

"Sasa," nikamwambia, "juu ya hapa fuma utakavyo. Ukikosea, vuta uzi bila woga. Utafumuka mpaka ufike kwenye huu mweupe, na ukifika hapo hauendi tena. Chini ya hapa hapaguswi, hata ulimwengu ukipinduka."

Aliuvuta kidogo ule uzi mweupe kwa kidole, kuujaribu. Aligeuza sweta upande wa pili akatazama, akaligeuza tena. Ilinichukua muda kuelewa anatafuta nini. Alikuwa anatafuta mahali ambapo mambo yanakuwa magumu.

"Ndio huu?" akauliza. "Uzi wa uhai ndio huu?"

"Ndio huo."

"Ndio huu tu, Mwalimu?"

"Ndio huo tu."

Mama mkwe wake alikuwa amesimama mlangoni na ndoo ya nyanya. Dereva akaliangalia donge la uzi wa magunia pale chini.

"Huu ninao kwenye lori," akasema. "Donge zima. Nashonea turubai. Siku ile pale Mbuyuni lilikuwa chini ya kiti nilichokalia."

Hakusema kwa hasira. Alichukua sindano zake za kufumia, akaniuliza aanzie upande gani, na mimi nikamwonyesha kwa kidole.